Denis Burkitt: Daktari aliyeuona ugonjwa wa watoto kupitia dirisha la hospitali ya Jinja

Barabara kuu itokayo Jinja kuelekea mashariki mwa Uganda hupita Bugembe, mji mdogo wa Busoga wenye kanisa kuu la Kianglikana, kisha huendelea hadi Iganga na hatimaye Mbale, chini ya Mlima Elgon. Wasafiri wengi huipita njia hiyo bila kujua kwamba hospitali ya Jinja, kilomita chache tu kutoka Bugembe, ina nafasi yake katika historia ya tiba ya saratani duniani.

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji aliyekuja Jinja kutoka Kampala alikuwa akikamilisha mzunguko wake wa wodini. Alipotazama nje kupitia dirisha alimwona mtoto ameketi na mama yake, uso wake umevimba kwenye mataya. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameonyeshwa mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo katika hospitali ya Mulago. Aliacha alichokuwa akikifanya, akatoka nje kumpima. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe wa tumboni pia.

Daktari huyo aliitwa Denis Burkitt. Ugonjwa aliouona siku ile leo huitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Nayo ni miongoni mwa saratani za kwanza kabisa ambazo binadamu alifaulu kuziponya kwa dawa pekee, bila kisu na bila mionzi.

Kijana wa jicho moja

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa kaunti, mwenye dhamana ya barabara na madaraja, na katika saa zake za mapumziko aliwachunguza ndege wa bustanini. Aliwafunga pete miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora mipaka ya eneo la kila ndege. Mwanawe aliyatazama hayo tangu utotoni. Miaka mingi baadaye naye alikuja kuchora ramani, ila ramani zake zilikuwa za maradhi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika mchezo wa watoto. Miwani yake ilivunjika na kioo kikamchoma jicho la kulia, likapotea. Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hapo imani yake ya Kikristo ilipata nguvu mpya, naye akahisi ameitwa kuwatumikia wagonjwa. Aliuacha uhandisi, akasomea utabibu na kuhitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alifuzu kuwa daktari bingwa wa upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, ombi lake lilikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Akiwa daktari wa jeshi alitumikia Kenya na Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapangiwa kazi Uganda pamoja na mkewe Olive, ambaye walioana mwaka 1943.

Mabusha ya Lango

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa nchi. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha. Jambo moja lilimshangaza: wagonjwa hao hawakutoka pande zote za wilaya kwa kiasi sawa. Upande wa mashariki walikuwa wengi, na upande wa magharibi walikuwa wachache. Daktari mwingine yamkini angelipita jambo hilo kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi. Burkitt aliliandika na kulichapisha. Baadaye ilieleweka kwamba tofauti hiyo ilihusiana na minyoo inayosambazwa na mbu, ile ile inayoleta matende.

Hivyo alipohamishiwa Mulago mwaka 1948, tayari alikuwa na mazoea ya kujiuliza mgonjwa ametoka wapi, na kwa nini pale na si kwingine.

Mulago, kisha Jinja

Mtoto wa kwanza alionyeshwa na daktari mwenzake Hugh Trowell, mtaalamu aliyejulikana kwa kazi yake kuhusu utapiamlo wa watoto. Mataya yote mawili yalikuwa yamevimba, kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt hakupata kuona jambo kama hilo, kwani saratani huanza aghalabu mahali pamoja. Aliduwaa, akaendelea na kazi zake.

Mtoto wa Jinja ndiye aliyemzuia kusahau. Kisa kimoja huweza kuwa ajabu tu, lakini viwili katika muda wa wiki chache vilidai maelezo. Burkitt alirudi Kampala na kuanza kupekua kumbukumbu za hospitali. Humo alikuta watoto wengi ambao kila mmoja alikuwa ameandikiwa ugonjwa tofauti: huyu uvimbe wa taya, yule wa figo, mwingine wa jicho, mwingine wa ovari. Alipowapanga pamoja, aliona ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38 katika jarida la Uingereza la upasuaji. Wataalamu wa patholojia waliokuwa Kampala, akiwemo Gregory O'Conor na Jack Davies, ndio walioonyesha kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili.

Ni haki kusema kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa amekwisha kuwaona watoto wenye mataya kama hayo. Wazazi wa Busoga, Bugisu na Lango waliufahamu ugonjwa huo kabla ya daktari yeyote, kwa kuwa waliwazika watoto wao. Mchango wa Burkitt ulikuwa kuviunganisha visa vilivyotawanyika.

Kilomita 16,000 za kuuliza

Baada ya hapo aliuliza swali lake la tangu Lira. Alipata ruzuku ya pauni 25, akachapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma katika hospitali za Afrika akiuliza kama wamepata kuona ugonjwa huo. Majibu yaliporudi aliyachoma pini kwenye ramani. Ukatokea mkanda mpana ukikatiza katikati ya bara.

Alitaka kujua mkanda huo unaishia wapi na kwa nini. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Clifford Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walipita Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zambia na Zimbabwe za leo hadi Afrika Kusini, wakisafiri takriban kilomita 16,000 na kuzitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha zao na kuuliza.

Jibu lilihusu joto, mvua na mwinuko wa nchi. Karibu na ikweta, ugonjwa ulitoweka katika nyanda zilizo juu ya takriban mita 1,500. Katika milima ya kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda na Burundi ulikuwa nadra sana, ilhali katika nchi za chini zenye joto na mvua, Busoga ikiwemo, ulikuwa wa kawaida. Kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka ulivyoshuka kuelekea pwani. Alexander Haddow, mtafiti wa virusi wa Entebbe, alitambua kwamba ramani hiyo ilifanana na ramani ya maradhi yanayoenezwa na mbu.

Chupa iliyochelewa kwa ukungu

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyewaza papo hapo kwamba huenda kirusi ndicho chanzo. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Uganda.

Kwa miaka zaidi ya miwili Epstein hakuona kitu. Kisha, mwezi Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa machafu, ikadhaniwa kwamba yameoza. Epstein aliyatazama kwa hadubini akakuta chembe hai za saratani zikielea. Yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walizikuza chembe hizo, na mwaka 1964 wakatangaza kuona ndani yake kirusi kipya. Hicho ndicho kirusi cha Epstein na Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kirusi hicho wamebeba watu wengi mno duniani, wala hawaugui saratani. Uchunguzi wa watoto wapatao 42,000 katika eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na dalili za maambukizi mazito ya kirusi hicho ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Malaria ya mara kwa mara, inayoisumbua kinga ya mtoto, ni sababu ya pili. Ndiyo maana ramani ya Burkitt ilifuata mbu.

Dawa mahali pa kisu

Burkitt alikuwa mpasuaji, naye alikuwa wa kwanza kukiri kwamba upasuaji haukufaa. Kuondoa taya la mtoto kulimwachia kovu na maumivu, na uvimbe ulirudi. Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Watoto wengi walifariki katika muda wa miezi michache.

Wakati huo madaktari wa Marekani walikuwa wakijaribu dawa za sumu dhidi ya saratani ya damu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, Sidney Farber wa Boston alikuwa ameonyesha kwamba dawa zinazoizuia chembe kutumia vitamini ya foleti ziliweza kuituliza lukemia kali ya watoto, ingawa kwa muda mfupi. Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa New York walipofika Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1960, walimpa Burkitt dawa ya jamii hiyo, methotreksati. Baadaye alitumia pia siklofosfamidi na vinkristini.

Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho au kung'oa meno uliyeyuka katika siku chache. Sababu yake imo katika hulka ya ugonjwa wenyewe. Limfoma ya Burkitt hukua kwa kasi kuliko karibu saratani zote, na wingi wake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa hizi huua chembe zinazogawanyika, na hapa takriban zote zinagawanyika kwa wakati mmoja. Kasi iliyomuua mtoto ndiyo iliyoifanya saratani iwe rahisi kushambuliwa.

Mulago haikuwa na maabara ya kupima damu kila siku, wala akiba ya kutosha ya damu ya kuongezea wagonjwa. Burkitt alilazimika kutoa dozi chache kwa muda mfupi. Hata hivyo, baadhi ya watoto walipona kabisa na kuendelea kuishi miaka mingi. Habari hiyo ilivuka bahari. Madaktari waliokuwa wamekata tamaa kuhusu lukemia kali walipata ushahidi kwamba dawa zaweza kuponya saratani iliyoenea mwilini.

Jaribio la Nairobi

Kwa nini basi dozi isiongezwe tu? Kikwazo ni uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Chembe zake nazo hugawanyika upesi, hivyo dawa huziua pamoja na saratani. Mgonjwa akipewa dozi kubwa mno hukosa damu, hukosa kinga, na huweza kufa kwa maambukizi au kwa kutokwa na damu.

Mjini Nairobi, daktari wa masikio, pua na koo, Peter Clifford, alijaribu njia ya kukikwepa kikwazo hicho. Yeye na wenzake walitoa kwanza sehemu ya uboho wa mgonjwa, wakampa dozi kubwa ya mastadi ya nitrojeni, dawa iliyotokana na gesi ya vita. Dawa hiyo haikai mwilini kwa muda mrefu. Nguvu yake ilipokwisha walimrudishia mgonjwa uboho wake mwenyewe ili uanze kutengeneza damu upya. Taarifa yao ilichapishwa London mwaka 1961. Leo kutoa dozi kubwa na kisha kurudisha chembe za uboho ni tiba ya kawaida katika hospitali kubwa za dunia kwa limfoma iliyorudi. Wachache wanakumbuka kwamba mojawapo ya majaribio yake ya awali ilifanyika Kenya.

Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani vilifungua kituo cha kutibu limfoma huko Mulago, chini ya John Ziegler. Humo dozi zilipangwa vizuri zaidi, na dawa ikaingizwa katika maji ya uti wa mgongo ili kuufikia ubongo, ambako ugonjwa ulizoea kujificha na kurudi. Wafanyakazi wa kituo waliwafuata watoto hadi vijijini kujua hali zao. Kituo hicho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka katika enzi ya Idi Amin, Charles Olweny alishika uongozi na wauguzi wa Uganda wakaendelea na kazi, hata dawa zilipoadimika.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani ilitolewa kwa pamoja kwa waliofungua njia ya tibakemikali. Miongoni mwao walikuwa Burkitt, Ziegler, Burchenal, na Victor Anomah Ngu wa Cameroon.

Miaka ya mwisho

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafanya utafiti mjini London. Aligeukia chakula. Kwa kulinganisha wagonjwa wa Afrika vijijini na wale wa Ulaya, alishikilia kwamba upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula cha nchi tajiri unachangia maradhi ya utumbo. Kitabu chake cha mwaka 1979 kilisomwa na umma mpana, na wengi wa Ulaya humkumbuka kwa mkate wa ngano isiyokobolewa kuliko kwa watoto wa Jinja.

Alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993 baada ya kupatwa na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 82. Alizikwa Bisley, kijiji cha Gloucestershire nchini Uingereza.

Deni lililobaki

Katika nchi tajiri, takriban watoto tisa kati ya kumi wenye limfoma ya Burkitt hupona leo. Hupewa dozi kubwa za dawa zile zile zilizojaribiwa Mulago, wakiwa karibu na maabara, benki ya damu na dawa za kuua vijidudu. Hata figo zao hulindwa, kwa sababu saratani inapokufa kwa wingi mabaki yake huweza kuziziba. Afrika Mashariki, ambako ugonjwa ulitambuliwa, wanaopona ni wachache zaidi kwa mbali. Dawa zenyewe ni za zamani na haziko miongoni mwa zile ghali kupindukia. Kinachokosekana ni huduma zinazoizunguka dawa, na muda.

Mzazi wa Bugembe yuko zaidi ya kilomita 80 kutoka Mulago, na wa Mbale zaidi ya kilomita 200. Nauli, kazi ya shamba na watoto waliobaki nyumbani humfanya mama achelewe kwenda au akatize matibabu baada ya dozi ya kwanza, pale uvimbe unapoonekana umekwisha. Ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili haumsubiri.

Kwa hiyo mtoto mwenye taya linalovimba, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalotokeza au tumbo linalojaa katika muda wa siku au wiki chache, apelekwe hospitali mara moja, na aliyeanza dawa azimalize zote. Burkitt aliutambua ugonjwa huu Jinja kwa sababu aliacha kazi iliyokuwa mkononi akatoka nje kumpima mtoto ambaye hakuwamo katika orodha yake ya siku hiyo. Hatua hiyo bado inaweza kuchukuliwa na mwalimu, jirani au mhudumu wa afya wa kijiji.